Kocha Aliyetangulia Kukimbia

Soma 1 Wakorintho 9:24–27.

Arthur Lydiard alizaliwa Auckland, New Zealand, mwaka 1917. Alifanya kazi katika kiwanda cha viatu, na kwa kuwa alicheza raga alijiona mtu mwenye nguvu. Siku moja rafiki yake alimwalika wakimbie pamoja kilomita nane. Lydiard alirudi akihema, kifua kikimwaka. Akajiuliza atakuwaje akizeeka, ikiwa ujanani yuko hivyo.

Swali hilo lilibadili maisha yake. Kwa miaka kadhaa, akiwa na familia ya kulisha, aliujaribu mwili wake mwenyewe. Wiki nyingine alikimbia kidogo, nyingine zaidi ya kilomita 300, hata akachoka kupita kiasi. Mwishowe aliona kwamba kilomita 160 hivi kwa wiki, kwa mwendo usiomkatisha pumzi, humjengea mkimbiaji msingi. Mazoezi ya kasi hufuata baadaye. Mwaka 1953 na 1955 alikuwa bingwa wa marathoni nchini kwake.

Vijana wa jirani wakaanza kumfuata. Aliwaongoza katika njia ya vilima ya kilomita 35, naye akikimbia pamoja nao. Mmoja wao, Murray Halberg, alikuwa amelemaa mkono wa kushoto baada ya kuumia katika raga. Mwingine, Peter Snell, alikuwa mkimbiaji wa mita 800, lakini alipewa vilima vilevile.

Katika Olimpiki ya Roma mwaka 1960, Lydiard hakuteuliwa kuwa kocha rasmi; alifika kwa michango ya watu. Alasiri moja Snell alishinda mita 800, na muda mfupi baadaye Halberg akashinda mita 5,000. Barry Magee akapata shaba katika marathoni.

Baadaye Lydiard aliwafundisha watu wa kawaida, hata wagonjwa wa moyo, kukimbia polepole kwa ajili ya afya. Alifariki mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 87, akiwa bado safarini Marekani kufundisha.

Lydiard hakuwatwika wanafunzi wake mzigo ambao hakuubeba kwanza. Paulo naye alihofu kuwahubiri wengine, kisha yeye mwenyewe akataliwe.

Je, ni jambo gani unalowafundisha watoto wako au darasa lako, ambalo wewe mwenyewe hujaanza kuliishi?