Homa ya Paris na kiharusi cha Rais Wilson

USIKU wa Aprili 3, 1919, Rais wa Marekani, Woodrow Wilson, alishikwa ghafla na homa jijini Paris. Joto la mwili lilipita nyuzi 39 na kikohozi kikambana hata kupumua kukawa taabu. Daktari wake, Cary Grayson, alishuku kwanza kuwa ametiliwa sumu. Kumbe ni mafua, yale yale yaliyoangamiza mamilioni ya watu wakati huo.

Wilson, mzaliwa wa Virginia mwaka 1856 na mkuu wa zamani wa Chuo Kikuu cha Princeton, alikuwa Ufaransa kujadili mkataba wa Versailles, ambao pia ulimpokonya Mjerumani makoloni yake, ikiwemo nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Viongozi wenzake walikutana chumba cha pili huku yeye akiugulia kitandani.

Mishipa yake ya damu ilikuwa na hitilafu tangu zamani. Mwaka 1896 mkono wa kulia ulimlegea. Mwaka 1906 jicho la kushoto likapoteza nuru.

Madaktari wa leo wanajua kuwa virusi vya njia ya hewa huvimbisha kuta za mishipa na kuifanya damu igande upesi, na kwamba hatari ya kiharusi huwa kubwa zaidi siku za mwanzo za ugonjwa. Utafiti wa mwaka 2020 katika hospitali mbili za New York ulibaini kiharusi kwa asilimia 1.6 ya wagonjwa wa Covid-19, na asilimia 0.2 ya wale wa mafua.

Hata hivyo, kuyatwika mafua ya Paris lawama zote ni kumwonea mdudu. Kiharusi kikubwa kilikuja miezi sita baadaye, na Wilson alikuwa na shinikizo la damu.

Septemba 1919, akiwa hajapumzika vya kutosha, alizunguka Marekani kwa treni akiutetea mkataba. Tarehe 25 alizidiwa baada ya kuhutubia Pueblo, Colorado. Oktoba 2, akiwa Ikulu, upande wa kushoto ukapooza.

Umma uliambiwa ni uchovu tu. Mkewe, Edith, ndiye aliyeamua nani amwone na hati gani zimfikie. Seneti iliukataa mkataba Novemba mwaka huo, na tena Machi 1920.

Wilson alimaliza muhula wake Machi 1921 na kufariki Februari 3, 1924. Marekani ilingoja hadi 1967 ndipo katiba yake ikaeleza wazi utaratibu wa kukabidhi hatamu rais anaposhindwa kutekeleza kazi.