Heinrich Hertz: Aliyepima Mawimbi Yasiyoonekana

Hapa Kharumwa, kama ilivyo kote Usukumani, anayetaka kusikiliza Misa au rozari redioni hutafuta kwanza namba ya megahezi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao hupita mashambani na porini wakiwa na detekta, wakisikiliza mlio wa mashine ambayo kazi yake huhesabiwa kwa kilohezi. Neno hilo tunalitamka kila siku, lakini wachache wanajua kwamba ni jina la mtu. Ni jina la Heinrich Hertz, Mjerumani aliyeishi miaka 36 tu. Sisi tunaosoma falsafa tumeona vema kuyasimulia maisha yake, kwa kuwa yanatufundisha jambo moja: anayeutafuta ukweli hana budi kuwa mwaminifu katika kupima, hata pale kipimo kinapomgeuka yeye mwenyewe.

Hertz alizaliwa Hamburg tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa mwanasheria, wa ukoo wa Kiyahudi uliokuwa umeingia Ukristo, na mtoto alilelewa katika Ulutheri. Tangu utoto alikuwa na vipaji viwili ambavyo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja. Alipenda lugha, hata akajifunza Kiarabu. Na alipenda kazi za mikono, akajifunza kukereza mbao. Inasimuliwa kwamba fundi aliyemfundisha, aliposikia baadaye kwamba kijana wake amekuwa profesa, alisikitika, kwa kuwa aliona dunia imempoteza mkerezaji hodari.

Alianza masomo ya uhandisi, kisha mwaka 1877 akiwa Munich akageukia fizikia. Mwaka uliofuata alikwenda Berlin kusoma chini ya Hermann von Helmholtz, mwanasayansi mkubwa wa Ujerumani wakati huo, na mwaka 1880 akapata udaktari. Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana juu ya nadharia ya Mskoti James Clerk Maxwell, iliyosema kwamba nguvu za umeme na sumaku husafiri hewani kama mawimbi, na kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la namna hiyo. Hesabu zake zilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyekuwa ameyaonyesha mawimbi hayo kwa jaribio. Helmholtz alimshawishi mwanafunzi wake ashughulikie swali lililokaribiana na hilo. Hertz alipiga hesabu, akaona kwamba kwa vifaa alivyokuwa navyo dalili zingekuwa ndogo mno kuonekana. Akakataa, ingawa palikuwa na zawadi.

Mwaka 1885 alikwenda Karlsruhe kuwa profesa, na mwaka 1886 alimwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake. Hapo ndipo alipoona, katika koili za kufundishia, cheche ndogo zikiruka mahali ambapo hakuzitarajia. Akatambua kwamba njia aliyoikosa Berlin imefunguka.

Mtambo wake wa kutuma ulikuwa wa kawaida kabisa. Alichukua koili ya kupandisha umeme, akaiunganisha na nyaya mbili zilizonyooshwa kuelekea pande tofauti, kila moja ikiwa na tufe la zinki mwishoni. Katikati ya nyaya aliacha mwanya mdogo. Cheche iliporuka kwenye mwanya, umeme ulikimbia huku na huko katika nyaya kwa kasi ya mamilioni ya mara kwa sekunde. Kifaa cha kupokea kilikuwa pete ya waya wa shaba, nayo ina mwanya uliorekebishwa kwa skrubu ya kupimia. Haikuunganishwa na kitu chochote. Wimbi likiifikia, cheche hafifu iliruka, fupi kuliko unene wa karatasi, hata ikambidi aifanye kazi hiyo gizani. Alibadilisha ukubwa wa pete mara nyingi mpaka akapata ule ulioitikia kwa nguvu zaidi, kama sisi tunavyotafuta stesheni mpaka sauti itulie.

Lakini kuona cheche hakukumtosha, alitaka kupima. Katika ukumbi wa mihadhara alitundika bati kubwa la zinki ukutani ili lirudishe mawimbi. Wimbi linalokwenda likikutana na linalorudi, kuna mahali yanaongezana nguvu na mahali yanauana. Hertz alitembea na pete yake kati ya mtambo na bati, akiandika mahali cheche inapokua na mahali inapozimika. Umbali kati ya sehemu mbili za kuzimika ni nusu ya urefu wa wimbi. Mwaka 1888 alipata pia mawimbi mafupi ya sentimita 66 hivi. Kwa vioo vya zinki vilivyopindwa na mche mkubwa wa lami, alionyesha kwamba mawimbi hayo huakisiwa na kupinda kama mwanga. Maxwell alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1879, naye hakuuona ushahidi huo.

Sifa zilimjia kutoka kila upande, na hapa ndipo tunapoona moyo wake. Katika majaribio ya mawimbi marefu, vipimo vyake vilionyesha kwamba wimbi la hewani na wimbi la kwenye waya yana kasi tofauti. Hilo halikupatana na Maxwell, lakini hakulificha. Alilichapisha kama alivyolipima. Aidha, Mfaransa Henri Poincaré aligundua kosa katika hesabu yake ya masafa. Mwaka 1892 Hertz alikusanya makala zake katika kitabu, akaziacha kama zilivyokuwa, na akaeleza waziwazi kosa hilo pamoja na mashaka yake kwamba ukumbi wenyewe, kwa kuta na vyuma vyake, ndio uliopotosha vipimo. Wanafizikia wa Geneva walirudia jaribio katika ukumbi mkubwa zaidi, wakakuta kasi zote mbili ni sawa.

Mwaka 1889 alihamia Bonn. Tangu 1892 alisumbuliwa na maambukizi ya kichwani, akapasuliwa mara kadhaa bila kupona. Katika maumivu hayo aliandika kitabu cha misingi ya umakanika, kilichotoka baada ya kifo chake. Humo anaeleza kwamba akili hujiundia picha za vitu, na picha hizo hazina budi kupatana na kanuni za fikra, kupatana na mambo yenyewe, na kuwa sahili. Wanafalsafa, Ludwig Wittgenstein akiwa mmojawapo, walijifunza kwake. Alifariki Bonn tarehe 1 Januari 1894, akimwacha mke na mabinti wawili wadogo.

Hertz hakuona kwamba mawimbi yake yangekuwa na matumizi. Wengine waliona. Guglielmo Marconi aliyatumia kupeleka habari, na tarehe 12 Februari 1931 Papa Pius XI alizindua Radio Vatikani aliyoijenga Marconi. Huko Ujerumani, utawala wa Hitler uliiondoa picha ya Hertz katika jengo la jiji la Hamburg kwa sababu ya ukoo wake. Mjane wake na mabinti walihamia Uingereza. Hata hivyo, jina lake halikufutika katika vipimo vya dunia.

Ndugu wasomaji, katika eneo letu la pamba na dhahabu kila mtu anajua uchungu wa mizani iliyochezewa, na kitabu cha Mithali kinasema kwamba mizani ya namna hiyo ni chukizo kwa Mungu. Hertz angeweza kuzirekebisha namba zake kimyakimya, na asingejulikana. Aliziacha kama zilivyo, na kwa sababu hiyo wenzake waliweza kulipata kosa na kulisahihisha. Kila tarehe 1 Januari, tunapomsherehekea Maria Mama wa Mungu, ni siku aliyofariki mtu huyu. Tumkumbuke katika sala zetu, na tuwaombee wote wenye mizani mikononi mwao.