Emil Fischer, mwana wa mfanyabiashara aliyeifumbua sukari

Wenzangu mliorejea, na ninyi mnaovuka mpaka na magunia ya unga na sukari, jina la mtu huyu nililikuta uhamishoni Tanzania, nikiwa kidato cha tatu. Mwalimu aliandika ubaoni fomula ya glukosi: kaboni 6, hidrojeni 12, oksijeni 6. Kisha akasema fruktosi, sukari ya matunda, nayo ni hiyo hiyo. Nilidhani amekosea.

Emil Fischer alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1852 mjini Euskirchen, Ujerumani. Baba yake, mfanyabiashara, alitaka kijana arithi biashara. Kijana alijaribu, akashindwa, akaruhusiwa kwenda chuo kikuu.

Mwaka 1875 aligundua fenilihidrazini, na kuanzia 1884 akaitumia kuchunguza sukari. Shida ya sukari nyingi ni kwamba katika maabara hubaki rojo tu, hazigandi, na huwezi kuzitofautisha. Dawa ile ilizigeuza kuwa fuwele za manjano ambazo aliweza kuzipima. Mwaka 1890 alitengeneza glukosi maabara, akianzia na gliseroli. Mwaka uliofuata akaonyesha jinsi atomi zake zilivyopangwa. Hapo ndipo nilipomwelewa mwalimu wangu: viatu vya kushoto na kulia vina ngozi ile ile na uzi ule ule, lakini mguu hauvikubali sawasawa.

Mwaka 1894 alieleza kwamba kimeng'enya na kitu kinachomeng'enywa hulingana kama kufuli na ufunguo. Wanga wa ugali na nyuzi za bua la mahindi vyote ni minyororo ya glukosi, ila imeungwa tofauti. Sisi tuna ufunguo wa wanga tu. Ng'ombe hushiba bua kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake.

Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1902. Lakini dawa iliyomfungulia njia ilikuwa sumu, naye aliivuta miaka mingi ikamdhoofisha. Mkewe Agnes alikuwa amefariki mwaka 1895. Watoto wake wawili kati ya watatu walikufa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Yeye alifariki Berlin tarehe 15 Julai 1919. Aliyebaki, Hermann, akawa mkemia, naye akashughulika na sukari.

Mimi darasani kwangu hufungua madirisha yote kabla ya kugusa chupa yoyote. Wanafunzi hunicheka, hasa siku za baridi.