Wangila au Waruinge? Dhahabu ya Seoul na ubishi usiokwisha

JINA la Robert Wangila Napunyi halikosi kutajwa mashabiki wa ndondi wanapokutana, iwe ni kwa kinyozi mjini Migori au kwenye vibanda vya samaki kandokando ya ziwa mjini Homa Bay. Wala halitajwi peke yake. Punde si punde atatokea mzee mmoja amtaje Philip Waruinge wa Nakuru, na hapo ubishi uanze upya: kati ya wawili hao, nani hasa alikuwa bondia bora zaidi kuwahi kutoka Kenya?

Kwa walio wengi, jibu ni rahisi. Wangila ana dhahabu ya Olimpiki na Waruinge hana. Lakini ndondi si riadha ambapo saa ndiyo hakimu, na maisha ya Wangila yanahitaji kuangaliwa kwa makini kabla ya hukumu kutolewa.

Wangila alizaliwa jijini Nairobi Septemba 3, 1967. Alikulia katika enzi ambapo ndondi za ridhaa zilikuwa fahari ya taifa. Alipokuwa angali mtoto, Stephen Muchoki alitwaa ubingwa wa dunia wa ridhaa jijini Belgrade mwaka wa 1978. Kenya ilipoandaa Michezo ya Afrika mwaka wa 1987, mabondia wake walizoa dhahabu nane kati ya 12 zilizoshindaniwa. Hicho ndicho kizazi kilichomlea kijana huyo mwenye konde zito.

Mwaka uliofuata, Wangila akapanda ndege kwenda Seoul, Korea Kusini, kushiriki uzani wa welter wa kilo 67. Hakuwa akitazamiwa kushinda. Macho ya wengi yalimwelekea Kenneth Gould wa Marekani, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka wa 1986. Gould, hata hivyo, alibanduliwa na Mfaransa Laurent Boudouani kwenye nusu fainali, naye Wangila akaingia fainali bila kutupa konde baada ya Jan Dydak wa Poland kushindwa kupanda ulingoni.

Fainali ilimalizika katika raundi ya pili. Boudouani aliangushwa kwa nokauti, na mwanzoni mwa Oktoba 1988 Kenya ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki nje ya riadha. Hadi kufikia Michezo ya Paris ya 2024, hiyo ndiyo iliyobaki kuwa ya pekee. Wangila pia alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Waliomtangulia kutoka bara hili walikuwa Wazungu wa Afrika Kusini.

Wakati huo Homa Bay na Migori zilikuwa bado sehemu za wilaya moja, South Nyanza, na habari za Seoul zilifika huko zaidi kwa njia ya redio. Sifa za wanariadha Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi, walioleta dhahabu nyingine nne, zilikuwa za kukimbia, jambo ambalo Wakenya walikwisha kulizoea. Ya Wangila ilikuwa ya ngumi, na pengine ndiyo sababu ilishika zaidi katika kumbukumbu za watu. Mwenzake Chris Sande alirejea na shaba ya uzani wa middle.

Sasa tumtazame Waruinge. Huyu alikuwa bondia wa aina nyingine kabisa: fundi wa miguu na macho, mwenye kumchosha mpinzani kwa kumkosesha shabaha. Alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola jijini Kingston mwaka wa 1966 na tena jijini Edinburgh mwaka wa 1970. Jijini Mexico City mwaka wa 1968 alishindwa kwa kura 3-2 za majaji kwenye nusu fainali ya uzani wa unyoya dhidi ya Antonio Roldan, mwenyeji aliyekuwa akishangiliwa na ukumbi mzima. Waruinge akaambulia shaba, lakini akatunukiwa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia mwenye ufundi bora kuliko wote katika Olimpiki. Ni nadra sana tuzo hiyo kumwendea mtu wa shaba, na kukubali huko ni kama kukiri kwamba mizani ya Mexico ilipinda.

Miaka minne baadaye jijini Munich, Waruinge alifika fainali na kushindwa tena 3-2, mara hii na Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti. Jaji mmoja tu angebadili kura yake, historia ingeandikwa vingine.

Wafuasi wa Waruinge wana hoja nyingine nzito. Cuba, dola kuu ya ndondi za ridhaa, ilisusia Michezo ya Seoul. Waruinge alizipata medali zake wakati Wacuba walikuwapo, na ndiye bondia pekee wa Kenya mwenye medali mbili za Olimpiki. Ukiongeza ule ushindi wa mezani wa Wangila katika nusu fainali, njia yake ya kwenda kwenye dhahabu yaonekana kuwa na kivuli zaidi.

Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Seoul ndiko ambako Mmarekani Roy Jones alinyimwa dhahabu kwa kura 3-2 katika pigano ambalo karibu dunia yote iliona ameshinda. Katika michezo iliyojaa majaji wa namna hiyo, Wangila hakuwaachia kazi. Kosa lililomgharimu Waruinge mara mbili, la kukabidhi hatima yake kwa watu watano walioketi kando ya ulingo, Wangila hakulifanya siku ya fainali.

Katika ndondi za kulipwa, hakuna kati yao aliyefika kileleni. Waruinge alihamia Japan, na mwaka wa 1976 akawania taji la dunia la WBC dhidi ya Rigoberto Riasco nchini Panama, akashindwa. Wangila aliingia ulingo wa kulipwa mwaka wa 1989 na kufanya makao yake Las Vegas. Alipigana mara 27, akashinda 22, lakini fursa ya kuwania taji kubwa la dunia haikumjia.

Julai 22, 1994, alipambana na David Gonzalez jijini humo. Refa alisimamisha pigano katika raundi ya tisa, na Wangila akalalamika kwamba alikuwa bado na uwezo wa kuendelea. Muda mfupi baadaye alizimia katika chumba cha kubadilishia mavazi. Hakuzinduka. Alifariki Julai 24 akiwa na umri wa miaka 26.

Hata mwili wake uliporejeshwa nyumbani, utulivu haukupatikana. Ulizuka mvutano kati ya waliotaka azikwe kwa taratibu za Kiislamu, dini aliyokuwa ameingia, na waliotaka za Kikristo. Wakazi wa Nyanza, ambao miaka saba tu kabla walikuwa wamefuatilia kesi ndefu ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, waliuelewa upesi uchungu wa jambo hilo.

Kwa ufundi, basi, Waruinge anapewa kilele. Kwa siku moja iliyohitaji kila kitu, ni Wangila. Na wanaodai kwamba Seoul hakukuwa na wapinzani wa maana wamtazame Boudouani. Mfaransa huyo aliyelazwa sakafuni katika raundi ya pili alitwaa ubingwa wa dunia wa kulipwa wa WBA mwaka wa 1996, miaka miwili baada ya Wangila kuingia kaburini.