Alice Ball: Binti wa miaka 23 aliyepata tiba ya ukoma katika mbegu

Hebu fikiria una miaka 23, ndio kwanza umemaliza chuo, halafu daktari anakuomba utatue jambo lililowashinda wataalamu kwa miaka mingi. Hayo ndiyo yaliyompata Alice Ball.

Alizaliwa 1892 mjini Seattle, Marekani. Baada ya kupata digrii za kemia ya dawa na ufamasia, alienda Hawaii kuchunguza kemikali zilizomo kwenye mizizi ya kava, mmea unaotumika sana visiwani humo. Mnamo 1915 akawa mwanamke wa kwanza, na Mmarekani Mweusi wa kwanza, kupata shahada ya uzamili katika chuo cha huko.

Kazi hiyo ilimvutia Dkt Harry Hollmann, aliyetibu wagonjwa wa ukoma. Enzi hizo, ukipatikana na ukoma Hawaii ulitenganishwa na jamaa zako, wengi wakipelekwa kisiwa cha Molokai.

Dawa ilikuwepo: mafuta ya mbegu za chaulmugra, mti wa Asia uliotumika tangu jadi India na Uchina. Lakini ukiyanywa, unatapika. Ukidungwa kwa sindano, yanakwama chini ya ngozi na kufanya malengelenge, kwani ni mazito na hayachanganyiki na maji ya mwili.

Je, Alice alifanyaje? Alitenga asidi za mafuta hayo, akaziunganisha na alkoholi kupata esta, kimiminika chepesi ambacho mwili unaweza kukifyonza. Si mchezo!

Kwa bahati mbaya aliugua, akafariki Desemba 31, 1916, akiwa na miaka 24, kabla ya kuchapisha matokeo yake. Mkuu wa chuo, Arthur Dean, aliendeleza kazi hiyo na kuichapisha bila kumtaja. Wagonjwa 78 wakaruhusiwa kurudi makwao, na binti huyo hakuna aliyemjua. Ni Hollmann aliyesema ukweli mwaka wa 1922, akaiita Mbinu ya Ball. Dawa hiyo ilitumika hadi miaka ya 1940, zilipokuja dawa bora za kuua bakteria wa ukoma.

Mwaka wa 2000, chuo kiliweka bamba la kumkumbuka penye mti wa chaulmugra.

Kwa hivyo kijana, nyanya akikwambia mti fulani ni dawa, usimcheke, wala usikimbilie kuunywa. Uliza kilichomo ndani, kinafanyaje kazi na kitafikaje mwilini bila kukudhuru. Na ukigundua kitu, kiandike, uweke na jina lako.