MKONO ULIOMSHIKA HELEN KELLER

Sisi walimu tumezoea kumtaja Helen Keller kuwa mfano wa akili na juhudi. Ni kweli, lakini twaona aliyemshika mkono husahauliwa.

Helen alizaliwa Alabama, Marekani, mwaka 1880. Akiwa na miezi 19 aliugua, akawa kipofu na kiziwi. Kwa kukosa lugha alikuwa mtoto wa hasira, wa kupiga na kuvunja vitu (watoto wa hasira hizo tunao hata hapa kambini). Machi 1887 akaletewa Anne Sullivan, msichana wa miaka 20, mwenye macho mabovu, aliyelelewa katika nyumba ya maskini ambamo mdogo wake alifariki. Anne alimwandikia maneno kiganjani, herufi moja moja. Mwezi uliofuata, maji ya pampu yakimwagika mkononi, mtoto alielewa kwamba kila kitu kina jina.

Walikaa pamoja miaka 49. Chuoni Radcliffe, Anne aliketi kando yake akimwandikia masomo kiganjani, mpaka Helen akahitimu mwaka 1904. Anne alipofariki mwaka 1936, Helen hakubaki mpweke: Polly Thomson, aliyejiunga nao mwaka 1914, alikuwa naye hadi kufariki kwake mwaka 1960. Helen aliishi hadi 1968, akiwa na miaka 87. Majivu ya wote watatu yamewekwa pamoja katika kanisa kuu la Washington.