Walter Mittelholzer

Walter Mittelholzer (2 Aprili 1894 – 9 Mei 1937) alikuwa rubani, mpiga picha na mwandishi kutoka nchini Uswisi. Anajulikana hasa kwa picha alizopiga akiwa angani, zikiwemo zile za mlima Kilimanjaro.

Maisha

Alizaliwa St. Gallen, mtoto wa mwokaji mikate. Alijifunza upigaji picha kabla ya urubani: mwaka 1915 aliingia katika kikosi cha anga cha Uswisi kama mpiga picha, na mwaka 1917 akapata leseni ya kurusha ndege. Mwaka 1919 alianzisha kampuni ya picha za angani na usafiri pamoja na Alfred Comte. Kampuni hiyo iliungana na Ad Astra Aero, ambayo mwaka 1931 iliungana na Balair na kuwa Swissair. Mittelholzer akawa mmoja wa wakurugenzi wake.

Safari za Afrika

Tarehe 7 Desemba 1926 aliondoka Zürich kwa ndege ya Dornier Merkur yenye maboya ya kutua majini. Alifika Cape Town tarehe 21 Februari 1927, baada ya siku 77. Ndege ya namna hiyo ilitegemea mito na maziwa, hivyo njia yake ilifuata Nile, Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Uwanda mkavu wa kati wa Tanganyika, ambako reli inapita Gulwe na Dodoma, ulibaki mbali upande wa mashariki.

Mwishoni mwa mwaka 1929 alirudi na ndege ya Fokker yenye injini tatu, akiwa amekodiwa na tajiri Louis von Rothschild wa Vienna kwa ajili ya safari ya uwindaji Serengeti. Katika safari hiyo aliruka juu ya Kilimanjaro na kupiga picha kasoko ya Kibo. Hutajwa kuwa rubani wa kwanza kupita juu ya kilele hicho.

Vifaa

Kamera za angani za wakati ule zilitumia bamba za kioo, nzito na rahisi kuvunjika. Kila kilo ya bamba ilishindana na mafuta ya ndege. Lenzi ndefu iliuleta mlima karibu, lakini ilikuza pia mtikisiko wa injini na ukungu wa mbali. Kwa hiyo mpiga picha alihitaji mwendo wa haraka wa kufungua na kufunga lenzi, na hakuegemeza kamera kwenye mwili wa ndege. Kwenye kimo cha Kibo, mita 5,895, baridi na upungufu wa hewa viliongeza ugumu wa kubadilisha bamba.

Vitabu vyake viliuzwa sana Ulaya, ingawa maelezo yake juu ya Waafrika yana mtazamo wa kikoloni.

Mwaka 1934 alipeleka ndege Addis Ababa kwa Kaisari Haile Selassie. Alifariki katika ajali ya kupanda milima huko Steiermark, Austria. Picha zake zimehifadhiwa katika maktaba ya chuo cha ETH, Zürich.